KUPANDA KILIMANJARO PAMOJA NA KIONGOZI
Somo kwa watu wa pwani

Katika mtaa wa Bondeni, kisiwani Mombasa, hakuna kilima cha kumtoa mtu jasho. Atokaye hapo kwenda Makadara, au kushuka Mji wa Kale mpaka bandarini, hutembea tambarare karibu njia nzima, na aliyepanda ngazi za nyumba ya ghorofa nne amekwisha kuwapita wenzake wote kwa urefu. Bahari iko karibu, hewa ni nzito na ya joto, na mwili wa mtu aliyezaliwa hapo umeizoea hewa hiyo tangu pumzi yake ya kwanza.

Hata hivyo safari mashuhuri za kwanza kwenda Kilimanjaro zilianzia katika kisiwa hiki na vijiji vya jirani yake. Siku hizi pia wako watu wa pwani wanaojiunga na makundi ya kupanda mlima huo, wakiongozwa na watu wenye kazi hiyo. Wengine hufika kileleni wakarudi salama. Wengine hurudi njiani, na katika hao wako waliofanya jambo la akili kuliko baadhi ya waliofika. Somo hili laeleza jinsi safari hiyo ilivyo, mambo yaupatayo mwili huko juu, na kwa nini haifai mtu kumficha kiongozi wake habari yo yote ya afya yake.

WALIOTANGULIA

Wazee wa Mombasa husimulia kwamba Mwembe Tayari palipata jina hilo kwa sababu misafara ya bara ilikuwa ikikusanyika chini ya mwembe, mizigo ikafungwa, na wapagazi wakawa tayari kuondoka. Katika siku zile, kabla ya reli, msafara ulikuwa na watu wa kazi mbalimbali: mnyapara wa kuwasimamia wapagazi, askari, mpishi, na mbele ya wote kirongozi, yaani mtu ajuaye njia, maji, na desturi za wenyeji. Mgeni alikuwa mwenye mali, lakini kirongozi ndiye aliyejua pa kulala na saa ya kuondoka.

Mmoja wa viongozi hao alikuwa Bwana Kheri. Mwaka 1848 alimwongoza mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, bara ya Mombasa. Waliondoka Rabai mwishoni mwa Aprili, wakapita nchi ya Wataita, na tarehe 11 Mei Rebmann akaona juu ya mlima kitu cheupe kama wingu linalong'aa. Kirongozi wake alikiita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akatambua kwamba kitu kile ni theluji. Habari hiyo ilipofika Ulaya, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London aliyezoea kuichunguza Afrika katika vitabu, alikana kabisa kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Ubishi uliendelea miaka mingi, hata Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1861, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakapita mita 4,000. Yafaa kukumbuka kwamba neno la kirongozi lilikuwa la kweli tangu siku ya kwanza. Hakutaja rangi ya kitu kile wala umbo lake. Alitaja jambo limpatalo mtu akikikaribia.

Wenyeji wa mlima walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo kwa hasara. Wamisionari wa Rabai waliandika habari waliyosimuliwa ya watu waliotumwa na mfalme wa Machame kwenda kutazama kile cheupe, kwa kuwa walidhani ni fedha. Wakafa wote ila mmoja, na huyo mmoja alirudi mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Mwezi wa Agosti 1871 Charles New, mmisionari Mwingereza wa Ribe, karibu na Mombasa, alijaribu kuifikia theluji hiyo. Watu wa msafara wake hawakuwa na nguo za kufaa, na mara ya kwanza baridi iliwarudisha. Mara ya pili wakabaki nyuma mmoja baada ya mmoja, hata akasalia na mtu mmoja tu, jina lake Tofiki. Karibu na theluji huyo naye akaanguka chini, hawezi hata kusema vizuri. Lakini alimwambia New aendelee peke yake, na kwamba yeye angemngoja pale pale. Asiporudi, angefia hapo. New akaendelea, akaigusa theluji, akavunja vipande vya barafu, akamrudia mwenzake. Wote wawili walishuka salama.

Kisa hicho husifiwa kwa uaminifu wa Tofiki, na ni haki kukisifu. Lakini mtu ajuaye tabia za milima akikisoma leo hushtuka. Mtu aliyeanguka kwa udhaifu, hawezi kusema, ameachwa peke yake katika baridi kali: hizo ni dalili za mtu aliyepasa kushushwa saa ile ile, asingojeshwe hata dakika. Katika siku zile hapana aliyejua hayo. Kwamba Tofiki alipona ni bahati njema, wala si kanuni ya kufuatwa.

Mwenye kupewa heshima ya kufika kileleni kwanza ni Mjerumani Hans Meyer, pamoja na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller. Watu wengi hukumbuka tarehe, 6 Oktoba 1889, wakasahau yaliyotangulia. Mwaka 1887 Meyer alizuiwa na ukuta wa barafu akarudi. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani, kwa kuwa alikamatwa katika vita vya Abushiri na kulipiwa fidia. Mwaka 1889, kwa sababu ya vita hivyo hivyo katika pwani ya Wajerumani, msafara wake ulianzia Mombasa. Na hata safari hiyo hakufaulu mara moja. Tarehe 3 Oktoba yeye na Purtscheller walifika ukingoni mwa shimo la mlima, wakaona kwamba kilele chenyewe kiko mbali bado, saa zimekwisha na nguvu zimekwisha. Wakageuka. Wakashuka kambini, wakapumzika, na siku ya tatu wakapanda tena wakafika. Kama wangeng'ang'ania siku ile ya kwanza, huenda jina la Meyer lingekumbukwa kwa kaburi lake.

Katika kambi yao ya juu, kupita mita 4,000, alikaa pamoja nao mtu wa Pangani, jina lake Mwini Amani, akiwapikia na kulinda vitu siku nyingi. Huyu alizaliwa pwani kama watu wa Bondeni. Kwa hiyo wasemao kwamba damu ya mtu wa pwani haiwezi mlima hawana hoja. Inaweza, lakini yataka siku.

KWA NINI HEWA HAITOSHI

Watu wengi hudhani kwamba juu ya mlima hewa ni ya namna nyingine. Sivyo. Katika kila mafungu mia ya hewa, kama 21 ni oksijeni, hapa Bondeni na huko kileleni vile vile. Tofauti ni kushindiliwa kwake. Mtu aliyepata kuona magunia yamepangwa katika ghala la bandarini atafahamu upesi: gunia la chini kabisa limekandamizwa na yote yaliyo juu yake, na la juu limekaa wazi. Hewa nayo ina uzito. Mkazi wa Bondeni huishi katika gunia la chini. Kila avutapo pumzi huingiza hewa iliyoshindiliwa sana. Kilele cha Kilimanjaro, kiitwacho Uhuru, kina kimo cha mita 5,895, yaani futi 19,340, na huko mkandamizo wa hewa umepungua hata kuwa nusu tu ya ule wa pwani, au pungufu kidogo. Basi pumzi moja ya huko yaleta oksijeni nusu ya pumzi moja ya Bondeni.

Mpishi ataliona jambo hilo katika sufuria yake. Pwani maji huchemka kwa joto la digrii 100. Karibu na kilele huchemka kwa kama digrii 80. Yanatokota kweli, lakini hayana moto wa kutosha, na maharagwe yaweza kukaa mekoni mchana kutwa yasiive. Ndiyo sababu wapishi wa mlimani huchagua vyakula vyepesi, kama supu, uji, viazi na wali uliopikwa kambi za chini.

Baridi nayo yafuata hesabu. Kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kwa kadiri ya digrii sita au saba. Siku ambayo Mombasa ina digrii 27, kileleni yaweza kuwa kumi chini ya sifuri, na hayo ni kabla ya kuhesabu upepo.

Mwili wa binadamu unajua kujirekebisha. Siku za kwanza mapafu hupumua upesi zaidi na moyo hupiga mbio. Baadaye damu yenyewe huongeza chembe nyekundu zinazochukua oksijeni. Lakini kazi hiyo haifanyiki kwa usiku mmoja. Mtu akipanda upesi kupita mwili wake, maradhi ya mlimani humshika, na yaweza kuanza mtu akipita kama mita 2,500. Kichwa huuma, chakula hakipiti, tumbo huchafuka, usingizi hukatika, na miguu huwa kama si yake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba mwenye kifua kipana na mazoezi mengi hapatwi. Mchezaji hodari wa mpira aweza kulala chini huku mwalimu wa miaka hamsini akipita taratibu na fimbo yake. Pengine kijana huyo huugua hasa kwa sababu ya nguvu zake, maana zilimpeleka mbio kuliko mwili wake ulivyoweza kuzoea. Mazoezi yafaa, tena sana. Yataka mtu atembee wiki nyingi kabla, apande ngazi, avae buti zake mpya mpaka zilainike. Lakini mazoezi hutengeneza miguu na moyo tu. Hayamfundishi mtu kuishi katika hewa nyepesi.

Madaktari wa milima wametoa kanuni: mtu akipita mita 3,000, kimo cha mahali anapolala kisizidi kile cha jana kwa zaidi ya kama mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja. Iko pia dawa iitwayo asetazolamidi, ambayo husaidia mwili kuzoea. Ni ya kupewa na daktari kabla ya safari, si ya kuazimana njiani.

SAFARI YENYEWE

Njia ya kale kuliko zote ni ya Marangu, ambayo ina nyumba za kulala za mbao. Atokaye Mombasa hupita Voi na Taveta, karibu sawasawa na njia ya misafara ya kale, akavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali ya Tanzania iliufanya mlima kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na hapana ruhusa mtu kupanda pasipo kiongozi mwenye leseni. Langoni majina huandikwa, ada hulipwa, na mizigo hupimwa.

Siku ya kwanza ni msitu. Miti mirefu imevaa kuvu na ndevu za majani, njia ni tope, na mara nyingi mvua hunyesha. Mtu wa pwani hufurahi, maana hewa ingali nzuri na mwendo si mgumu. Hapo hapo kiongozi huanza kusema maneno mawili yatakayorudiwa mpaka mwisho: pole pole. Wageni wa nchi zote hujifunza maneno hayo kabla ya kujua neno jingine lo lote la Kiswahili. Mswahili huyasikia kama salamu tu asiyatilie maanani, na huenda hiyo ndiyo hasara ya kuzaliwa na lugha. Huko mlimani pole pole maana yake ni hatua fupi, za kadiri moja, ambazo mtu aweza kuzungumza huku akitembea bila kutweta. Akishindwa kusema maneno kumi kwa pumzi moja, amekwenda mbio.

Usiku hulala Mandara, mita 2,720. Siku ya pili miti hupungua, vichaka vyatokea, na jua huchoma ingawa baridi ipo. Uso usiofunikwa huungua. Jioni hufika Horombo, mita 3,720. Hapo pana mimea ya ajabu isiyopatikana pwani, yenye shina nene kama mnazi mfupi na kichwa cha majani kama kabichi. Hapo pia ndipo vichwa vingi huanza kuuma. Msomaji aliyefuata hesabu ameona kwamba kutoka Mandara mpaka Horombo ni mita 1,000 kwa siku moja, na kutoka Horombo mpaka Kibo ni mita 1,000 nyingine. Njia hii yavunja kanuni ya madaktari mara mbili. Kwa hiyo safari ya siku tano, ambayo huuzwa kwa bei nafuu, ni ya kuogopwa. Afadhali mtu alipe siku ya sita, akae Horombo mchana mmoja, apande kwa matembezi kufika kama mita 4,000, kisha arudi kulala pale pale. Viongozi husema: panda juu, lala chini. Siku hiyo moja ina faida kuliko koti la bei kubwa.

Siku ya nne huvuka uwanda mpana ulio kati ya vilele viwili, Kibo na Mawenzi. Ni jangwa lenye mawe na upepo, hapana maji wala kivuli. Watu hunyamaza. Kibo hufika mchana, mita 4,720, wakanywa supu wale wawezao, wakalala na nguo zao zote. Hapana apataye usingizi wa kweli.

Karibu na saa sita ya usiku kiongozi huwaamsha. Sababu ya kuondoka usiku ni mbili: changarawe iliyoganda kwa baridi haitelezi sana chini ya buti, na tena wapate saa nyingi za mchana za kushuka. Kila mtu ana kurunzi amejifunga kichwani. Ukitazama juu waona mstari wa taa ndogo zikipinda kushoto na kulia, hata huwezi kujua taa ya mwisho ni taa au ni nyota. Maji hugandia katika chupa. Mwenye akili huilaza chupa juu chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, na mdomo ukiwa chini haufungwi na barafu. Kiongozi huenda mbele, msaidizi nyuma, na kila baada ya muda hugeuka akawamulika nyuso, akawauliza majina yao na hali zao. Kumbe si adabu tu. Anasikiliza ulimi. Mtu ambaye ulimi wake umekuwa mzito, au anajibu lisilohusu, ubongo wake umeanza kudhurika.

JAMBO LA HATARI KUBWA

Maradhi ya mlimani yana namna mbili zinazoua. Ya kwanza ni maji kujaa katika mapafu: mgonjwa hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, pengine akatoa povu, midomo ikawa ya samawati. Ya pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa huyumba kama mlevi, huchanganyikiwa, hatimaye huzimia. Kiongozi akishuku humwambia mtu atembee juu ya mstari ulionyoka, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, safari yake ya juu imekwisha. Viongozi wengi huchukua pia chombo kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu, na mtungi wa oksijeni. Lakini vyote hivyo ni vya kusaidia njiani. Dawa yenyewe ni kushuka, tena mara moja, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha. Mita mia chache tu zaweza kumrudishia mtu uhai wake.

Sasa chukua mfano wa kijana wa Bondeni. Amejiwekea akiba mwaka mzima. Kabla ya kuondoka amewaaga wenzake barazani, kahawa imenywewa kwa ajili yake, na mmoja amecheka kwamba atarudi kabla ya kufika Voi. Mama yake amemwombea dua. Usiku wa Kibo kichwa kinamgonga kama nyundo, ametapika mara mbili nyuma ya mwamba, na kiongozi anapomuuliza, anajibu, "Sijambo, mzee, twende." Kwa nini anasema hivyo? Si kwa ujinga. Anaiona baraza. Anamwona yule aliyecheka.

Katika chombo cha baharini kijana huyo huyo asingefanya hivyo. Angeona maji yanaingia mvunguni mwa jahazi, angemwambia nahodha upesi, wala hapana ambaye angemcheka. Kichwa kinachouma mlimani ni maji mvunguni. Kiongozi hana macho ya kuona ndani ya fuvu la mtu. Ana yale aambiwayo tu, na yale anayoweza kuyasoma usoni kwa mwanga wa kurunzi. Amwambiapo mtu ageuke hamwondolei heshima. Yeye mwenyewe amekwisha kupanda mara nyingi, na anajua wangapi aliowageuza wakarudi mwaka uliofuata wakafika. Neno la kiongozi juu ya kugeuka halijadiliwi, wala halipingwi kwa sababu ya fedha zilizolipwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Maumivu madogo ya kichwa huwapata watu wengi sana, na si kila mwenye kuumwa hugeuzwa. Ndiyo sababu yafaa kusema mapema. Aliyesema mapema Horombo huenda akapumzishwa siku moja zaidi, akanywa maji, akapona, akaendelea. Aliyeficha mpaka mita 5,000 hana la kufanyiwa ila kushushwa.

WAPAGAZI

Wapagazi wa mlimani hujiita wagumu, na jina hilo wamelipata kwa haki. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Mgeni hutembea na mfuko mdogo wenye maji na koti la mvua. Mpagazi humpita njiani na gunia kichwani, akafika kambini kwanza. Hatari za kimo humpata yeye pia. Alizaliwa mlimani, lakini kijiji chake kiko chini sana ya Kibo, na baridi haichagui. Mwaka 1871 watu wa New walirudishwa na baridi kwa kukosa nguo. Haifai jambo hilo lirudiwe leo. Mtu anayetafuta safari na aulize kabla ya kulipa: wapagazi hulala wapi, hula mara ngapi, wana buti na makoti, hulipwa kiasi gani? Bei ikiwa chini sana kuliko za wengine wote, kilichopunguzwa kimepunguzwa mahali fulani, na mara nyingi ni katika chungu cha mpagazi.

MAANDALIO YA MTU WA PWANI

Kikoi na makubadhi vibaki nyumbani. Zatakiwa nguo za kupangwa moja juu ya nyingine: ya ndani isiyoshika jasho, ya sufu, na ya juu isiyopitisha upepo wala mvua. Pamba ikilowa haikauki, na humtia mtu baridi. Kofia ya sufu, glavu nene, soksi jozi kadhaa, miwani ya jua, na mfuko wa kulalia wa baridi kali ni lazima. Vingine huweza kukodishwa huko huko. Katika soko la mitumba la Kongowea mtu mwenye subira aweza kupata koti zito la Ulaya kwa bei ndogo, kwa kuwa Mombasa hapana wengi wanaoligombea.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, na tena toka Juni hata Oktoba. Wakati wa masika njia huwa mbaya na mawingu huficha yote. Waislamu hushauriwa wasichague mwezi wa Ramadhani, maana mwili wataka maji lita tatu au nne kila siku. Yafaa vile vile kumwambia kiongozi mapema habari za chakula kilicho halali, ili mpishi ajiandae tangu Moshi. Mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu, au mama mjamzito, aulize kwa daktari kabla ya kutoa hata senti moja.

Na asiyeweza kwenda Kilimanjaro anao Mlima Kenya, ambao kilele chake cha watembeaji, Lenana, kina mita 4,985. Huko ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya Kenya usiku wa Uhuru mwaka 1963, kama vile Luteni Alexander Nyirenda alivyokuwa amepandisha ya Tanganyika juu ya Kilimanjaro mwaka 1961. Kanuni za hewa ni zile zile.

ASUBUHI YA MWISHO

Wale ambao hawakugeuzwa hufika ukingoni mwa shimo la Kibo, mahali paitwapo Gilman, karibu na mapambazuko. Jua hutoka nyuma ya Mawenzi, na mawingu yamelala chini kama bahari yenye visiwa. Watu wa pwani hulifahamu tandiko hilo kuliko wengine. Kutoka hapo mpaka Uhuru ni mwendo wa saa moja na nusu au mbili, taratibu sana, hatua moja na pumzi mbili. Barafu aliyoiona Rebmann ingaliko, lakini imepungua: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Kileleni hapana kukaa. Dakika kumi na tano, picha, kisha kiongozi huwaamuru washuke, kwa kuwa wengi huanguka au kuzidiwa wakati wa kushuka, wakiwa wamechoka na wamejisahau.

Kijana wetu wa Bondeni, ikiwa alimwambia kiongozi kweli na kugeuzwa akiwa na kichwa kinachouma, amekwisha kutangulia chini pamoja na msaidizi. Anapofika Horombo maumivu yamepungua. Mpishi anamletea uji na chai ya tangawizi, naye, aliyekuwa hapendi kuona chakula tangu jana, anauliza kama kuna mkate.